Horst Tappert wa "Derrick": ameanza na miaka 51, akadumu miaka 24. Iliwezekanaje?

#1 Mzee wa Antena

Salaam wakuu.

Juzi nilikuwa nawasimulia wanangu habari za Derrick, hawamjui kabisa. Yule mpelelezi wa Munich mwenye koti refu, miwani mikubwa na macho yaliyovimba chini kama mtu aliyekesha msibani. Hapandishi sauti, hapigi mtu, anakutazama tu mpaka unasema mwenyewe. KBC, televisheni ya Kenya, walikuwa wakimwonyesha, na sisi Moshi tulimdaka kwa antena iliyofungwa kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba. Mmoja yuko ndani, mmoja anazungusha nje: "Bado! Bado! Hapo hapo, usiguse!" Mzungushaji nilikuwa mimi, kwa hiyo sehemu nyingi nilizifuatilia dirishani.

Nikaingia kutafuta habari zake. Jina lake Horst Tappert. Kipindi kilianza Oktoba 1974 kwenye kituo cha ZDF cha Ujerumani, kikaisha Oktoba 1998, sehemu 281, kikauzwa nchi zaidi ya 100. Kilichonikalisha chini ni umri. Alizaliwa Mei 1923. Maana yake alianza kuigiza akiwa na miaka 51 na akaacha ana 75!

Mimi nina 52. Kazini kila kikao nasikia "tuwaachie vijana". Nauliza kwa dhati: huyu bwana alipitaje? Ni bahati, ni kipaji, au Wajerumani wana utaratibu wao ambao sisi hatuna?

#2 Kijana wa Sinza

Nimekaa pale nasubiri wajuvi. Ila niulize jambo moja: huyu ndiye chanzo cha akina Derrick wote waliojaa Kenya?

#3 Jirani wa Kisumu

#2 wa kwetu yupo. Binamu yangu alizaliwa 1988, babake alikuwa polisi, akaitwa Derrick. Mdogo wake alipozaliwa mama akasema hapana, huyu ataitwa jina la babu. Mzee akakubali, lakini mpaka leo nyumbani tunamwita Harry, kama msaidizi wa Derrick.

#4 Bint Makorora

Mleta mada, uzi mzuri ila kichwa cha habari kina kosa. Tappert hakuanza kuigiza na miaka 51. Alianza *kuwa Derrick* na miaka 51. Ni vitu viwili.

Kwao ni Elberfeld, ambayo siku hizi ni sehemu ya Wuppertal. Alisomea mambo ya biashara, akaenda vitani, akarudi. Mwaka 1945 alikwenda kuomba kazi ya kutunza hesabu kwenye jumba la maigizo la mji wa Stendal. Vitabu vya hesabu hakukaa navyo sana. Aliwaona wenzake jukwaani, akaomba kufundishwa, akapewa nafasi. Alikuwa na miaka 22.

Umaarufu ndio uliochelewa. Wajerumani walimjua 1966, kwenye tamthilia ya sehemu tatu kuhusu ule wizi mkubwa wa treni ya barua Uingereza wa 1963. Yeye alikuwa kiongozi wa wezi. Hapo ana 42. Halafu ndipo akaja Derrick.

#5 Mzee wa Antena

Ahsante dada, nimesahihishwa. Kwa hiyo mwizi alipandishwa cheo akawa polisi.

Lakini swali bado lipo, tena naona limekuwa zito zaidi. Kutoka 22 mpaka 42 ni miaka 20. Alikuwa wapi? Mtu anafanya kazi miaka 20 hajulikani, na hakati tamaa?

#6 Dada wa Berlin

Habari za jioni. Niko huku mwaka wa kumi na moja, na nimewahi kufanya kazi ya kushona mavazi kwenye jumba la maigizo, basi #5 naweza kukujibu kidogo.

Hakuwa amepotea. Alikuwa kazini. Ujerumani miji mingi ya wastani ina jumba lake la maigizo linaloendeshwa kwa fedha za umma, na waigizaji wameajiriwa kwa mshahara wa kila mwezi. Mkataba unakwenda kwa msimu. Msimu ukiisha unaongezewa au unafunga sanduku unahamia mji mwingine. Tappert alipita Göttingen, Kassel, Bonn na miji mingine hivyo hivyo, mpaka 1956 akafika Münchner Kammerspiele, ambayo ni nyumba kubwa yenye heshima. Leo unacheza mfalme, kesho unabeba trei una mstari mmoja tu, keshokutwa ni igizo la watoto la Krismasi, asubuhi, watoto wanapiga kelele. Mtu wa namna hiyo mjini kwake anajulikana, akienda kununua mkate anasalimiwa. Nje ya mji hakuna anayemjua.

Kwa hiyo mimi sioni kuchelewa. Naona miaka 20 ya kujifunza kusimama bila kufanya chochote. Mtazame Derrick anaposikiliza. Hakuna kijana wa miaka 25 anayeweza kusikiliza vile mbele ya kamera. Mikono itamsumbua.

#7 Karani Mstaafu

#4 umenigusa pale kwenye hesabu. Nimekuwa mtunza hesabu miaka 31. Nilipostaafu, parokiani walihitaji mtu wa kutunza fedha za kikundi cha maigizo. Nikaenda na daftari langu. Wiki ya tatu aliyekuwa acheze Pilato akapata safari, wakanitazama mimi. Nimecheza Pilato Pasaka tatu sasa. Mara ya kwanza magoti yalinitetemeka mpaka kanzu ikawa inatikisika, watu wakadhani ndiyo uigizaji wenyewe.

Kwa hiyo naamini hadithi ya Stendal bila kuuliza ushahidi. Mlango wa nyuma wa jumba la maigizo ni ofisi ya mhasibu.

#8 Kijana wa Sinza

#7 mzee wangu, heshima kwako. Tupia picha ya Pilato.

#9 Kipanga

Wote mnaeleza vizuri ila mmeruka jambo la wazi. Runinga yenyewe ilichelewa! ZDF ilianza kurusha matangazo Aprili 1963. Tappert alikuwa anakaribia 40. Hata wale wenzao wa kituo cha ARD, matangazo ya kitaifa ni miaka ya 1950. Angekuwaje nyota wa runinga akiwa na miaka 25 wakati hakuna runinga? Ni sawa na kuuliza kwa nini mwigizaji wa Dar aliyezaliwa 1950 hakuonekana kwenye TV akiwa kijana. Tanzania tulipata TV 1994.

#10 Mjukuu wa Darajani

Bara ndiyo mlipata 1994, ndugu yangu #9. Zanzibar ilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zina nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Tafadhali andika "Tanzania Bara".

#11 Kipanga

#10 nimekubali kosa, Tanzania Bara.

#12 Bint Makorora

Na sisi Tanga tulikuwa tunaangalia ya kwenu #10, antena ikielekea baharini. Ukiigeuza kaskazini unapata Mombasa. Nyumba moja, nchi mbili.

#13 Jirani wa Kisumu

Hoja ya #9 ni nzuri lakini haitoshi. Runinga ilipokuja wangeweza kuchukua vijana. Mbona walichukua wazee? Hesabu nami. Kabla ya Derrick, ZDF walikuwa na *Der Kommissar*, kuanzia 1969. Mkuu wa upelelezi ni Erik Ode, ana miaka 58. Mwaka 1977 wakaanzisha *Der Alte*, jina lenyewe maana yake Mzee, na KBC nadhani tuliiona pia. Siegfried Lowitz, miaka 62. Lowitz alipoondoka 1986 akaja Rolf Schimpf, miaka 61, akakaa mpaka 2007! Na vyote hivyo mtayarishaji ni mtu mmoja, Helmut Ringelmann. Hiyo si bahati mbaya wala nzuri. Mtu alikuwa anatafuta wazee makusudi.

Maelezo yangu: Ijumaa usiku, saa mbili na robo, nani yuko nyumbani mbele ya TV? Baba na mama. Vijana wametoka. Baba na mama wanataka kumwona mtu wa rika lao akiheshimiwa.

#14 Bint Makorora

#13 Ode mwondoe kwenye orodha ya waliochelewa. Alikuwa mtoto kwenye filamu bubu miaka ya 1920. Baadaye akawa mwongozaji na mtia sauti. Uso wake ndio ulichelewa, sauti yake Wajerumani walikuwa wanaisikia siku nyingi. Schimpf ndiye mfano halisi wa unachosema. Kabla ya kuwa mkuu wa upelelezi alikuwa kwa miaka mingi mtu wa nafasi ndogo ndogo.

#15 Jirani wa Kisumu

Sawa mwalimu. Ode nimemtoa. Hoja inabaki.

#16 Mtu wa Bukavu

Bonsoir ndugu zangu. Mimi niko Liège, Ubelgiji, na Derrick ninamjua kwa Kifaransa, *Inspecteur Derrick*. Huku walimweka mchana, kisha chakula, na nyumba nyingi za wazee bado zinamkumbuka kwa usingizi wake. Mama mkwe alikuwa anasema ni dawa: dakika kumi za mwanzo anaona aliyeua, analala, anaamka Derrick anamkamata, hajapoteza kitu.

Na hilo ni kweli, hasa sehemu za mwanzo. Muuaji unamjua tangu mwanzo. Hakuna kitendawili. Unabaki kutazama tu jinsi mzee anavyomsogelea, polepole, siku kwa siku, anakaa kwenye kiti chake, anakunywa kahawa yake. Kazi hiyo inahitaji uzito. Ukimpa kijana, atakimbia.

#17 Kijana wa Sinza

Na Harry je? Yeye alikuwa msaidizi miaka yote 24 bila kupandishwa?

#18 Dada wa Berlin

#17 zaidi ya 24! Fritz Wepper alikuwa Harry Klein tangu kwenye *Der Kommissar*. Derrick ilipoanza wakamhamisha na jina lake na cheo chake, kama mtumishi anavyohamishwa kituo. Kule alikotoka nafasi yake ikachukuliwa na mdogo wake wa damu, Elmar Wepper, akicheza mdogo wake Harry. Wote wawili wamefariki, Elmar Oktoba 2023 na Fritz Machi 2024.

Wajerumani mpaka leo wakitaka mtu atangulie kuleta gari wanasema "Harry, leta gari". Kila mmoja anaamini ni maneno ya Derrick. Waliopitia sehemu zote wanasema maneno hayo yalivyo hayamo.

#19 Fundi Welda

Naomba niingize wa kwangu ingawa hakuwa Derrick. Manfred Krug. Alizaliwa Duisburg, akakulia Ujerumani Mashariki, akasomea kuyeyusha chuma kiwandani Brandenburg. Lile kovu la kwenye paji la uso ni chuma cha moto kilimrukia. Mimi ninalo la mkono, kwa hiyo nilimpenda kabla sijajua anachosema.

Kule Mashariki alikuwa nyota mkubwa, mwigizaji na mwimbaji. Mwaka 1976 serikali yao ikamnyang'anya uraia mwimbaji Wolf Biermann, Krug akawa kati ya waliotia sahihi kupinga. Kazi zikakauka. 1977 akahamia Magharibi, akaanza upya. 1984 akaingia kipindi cha upelelezi cha *Tatort* kama mpelelezi wa Hamburg, ana 47, akakaa mpaka 2001. Je, huyo tumhesabu ameanza lini? Kiwandani, Mashariki au Magharibi? Mimi nasema wapo watu wanaoanza mara tatu.

#20 Mzee wa Antena

#19 hiyo ya kuanza mara tatu nimeinakili.

#21 Mjukuu wa Darajani

Mmemtaja *Der Alte* mkapita. Mle ndani kuanzia 1986 alikuwamo Charles Huber, polisi mweusi Henry Johnson. Mama Mjerumani, baba Msenegali, amelelewa na bibi yake kijijini Bavaria, na ni ukoo wa Rais Senghor wa Senegal. Alikaa mpaka 1997. Nyumbani kwetu akitokea yeye watu wananyamaza. Si mwizi, si dereva, ni mpelelezi aliyevaa vizuri anayeuliza maswali na anajibiwa.

Na yeye ana kuchelewa kwake: 2013, akiwa na miaka 56, aliingia bungeni Berlin kwa chama cha CDU. Mwaka huohuo akaingia Karamba Diaby wa SPD, mzaliwa wa Senegal. Ndio wabunge wa kwanza weusi wa Bunge lile.

#22 Kijana wa Sinza

Hapo mmenifunza. Nilikuja kucheka tu.

#23 Mwalimu wa Historia

Sipendi kuharibu uzi, lakini hatuwezi kuzungumzia ile miaka ya mwanzo ya Tappert tukaandika "akaenda vitani, akarudi" (#4) tukaishia hapo.

Aprili 2013, miaka zaidi ya minne baada ya kifo chake, mtafiti wa sayansi ya jamii Jörg Becker alikuta kwenye kumbukumbu za jeshi kwamba Tappert alikuwa Waffen-SS, yaani jeshi la SS la chama cha Hitler. Machi 1943 alikuwa kwenye kikosi cha askari wa miguu cha divisheni ya Totenkopf, maana yake fuvu la kichwa, iliyopigana mashariki. Alikuwa na miaka 19. Enzi za uhai wake hakuwahi kulisema hadharani. Alisema alikuwa mhudumu wa majeruhi jeshini kisha mateka wa vita.

ZDF wakatangaza hawatarudia tena Derrick. Waholanzi nao, kituo cha MAX, wakaacha mpango wao wa kurudia. Na mwandishi Herbert Reinecker, aliyeandika sehemu zote 281, naye alikuwa mwandishi wa propaganda wa utawala ule, na huyo hilo lilijulikana siku nyingi.

#24 Jirani wa Kisumu

Hii sikuijua. Nimesoma mara mbili. Yaani yule mzee tuliyekuwa tunamwona kama baba wa haki…

#25 Bint Makorora

#23 ahsante, ni kweli niliruka, na nilipaswa kuliandika. Nilitaka kuzungumzia jukwaa nikakimbilia jukwaani.

Sasa naona jambo jingine. Labda ndiyo maana ya Stendal. Mtu wa miaka 22 anarudi, nchi imebomoka, ana jambo ambalo hawezi kulitamka. Anaingia kwenye kazi ambayo kila usiku unapewa jina la mtu mwingine na maneno ya mtu mwingine. Mimi hilo linanieleza zaidi kuliko mshahara wa kila mwezi.

#26 Kipanga

Dada, hapo unamwandikia riwaya. Kijana alikuwa na njaa, aliona kazi ya hesabu, akapata nyingine. 1945 nani alikuwa anachagua?

#27 Mwalimu wa Historia

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Niongeze: kufikia 1943 Waffen-SS walikuwa wanachukua vijana kwa kuandikishwa, si wa kujitolea peke yao. Namna Tappert alivyoingia haikuwahi kufahamika wazi. Ila kunyamaza ni kwake mwenyewe. Mwandishi Günter Grass naye alikuwa Waffen-SS akiwa kijana, akaja kulisema mwaka 2006, ana karibu miaka 79. Alichelewa sana, watu walimkasirikia sana, lakini alilisema kwa mdomo wake. Tappert alikufa Desemba 2008. Alikuwa ameshaona jinsi Grass alivyopokewa.

#28 Karani Mstaafu

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Vita ile ile, upande mwingine. Alirudi 1946, akakaa kimya mpaka tukamzika. Tulijua tu kwamba hakai akiupa mlango mgongo. Hakuua watu wa kijiji chochote kwa ninavyojua, lakini pia sijui, hakusema. Alipofika miaka 43 akajifunza udereva, akawa dereva wa basi, akawa mtu wa masihani na nyimbo njia nzima. Abiria walimpenda. Nyumbani alikuwa hasemi.

Simfananishi na SS, mnielewe. Nasema tu nimewahi kuishi na mtu aliyeanza maisha ya pili kwa sauti ya kuazima.

#29 Mtu wa Bukavu

#28 pole na asante, mzee.

#30 Mzee wa Antena

Wakuu, nilileta uzi nikitafuta moyo wa kwenda kazini Jumatatu, na sasa sijui nishike lipi. Jumba la maigizo la Dada wa Berlin nalielewa. Runinga iliyochelewa naielewa. Ringelmann na wazee wake naielewa. Na hili la #23 nalo siwezi kulirudisha kwenye kabati.

Nimewaambia wanangu na hilo. Mkubwa akauliza: "Kwa hiyo baba, ulikuwa unazungusha antena kwa ajili ya mtu wa Hitler?" Nikamjibu nilikuwa na miaka kumi na kitu, sikujua. Akasema, "Na yeye alikuwa na miaka kumi na kitu." Nikanyamaza.

#31 Jirani wa Kisumu

Mtoto huyo awe wakili.

#32 Dada wa Berlin

#30 mkumbatie. Ni swali ambalo huku wajukuu waliwauliza babu zao mezani, na sahani zikavunjika.

Mimi bado naweza kumtazama. Sitazami kwa raha ile ya zamani, lakini natazama, na sasa zile kimya zake ndefu nazisikia tofauti. Rafiki yangu Mjerumani hawezi kabisa, anazima. Hatujawahi kukubaliana na hatugombani.

Stendal si mbali na Berlin, kwa treni ya haraka haifiki saa moja, na sijawahi kushuka pale. Jumamosi ijayo sina zamu. Nitakwenda kuliona jumba la maigizo, nikiruhusiwa nitapiga picha jukwaa.

#33 Karani Mstaafu

Na ofisi ya mhasibu, ukiweza.

#34 Kijana wa Sinza

Tunasubiri. Na picha ya Pilato bado hatujaiona.